Nyota ya Asubuhi na Mwendo wa Mchana: Luis Aparicio na Tuzo ya Chipukizi

Wahenga walinena kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Aghalabu methali hii hutajwa pale kijana anapofanya vyema katika mtihani wake wa kwanza, mshairi anapotoa diwani yake ya kwanza ikasifiwa, au mchezaji anapoingia uwanjani kwa mara ya kwanza na kuwashangaza waliomtangulia. Anayeitaja hutaka kusema kuwa mwanzo umekwisha kutoa ushahidi wa mwisho. Hata hivyo, wahenga hao hao hawakuiacha methali hiyo itawale peke yake. Walisema pia kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi ni ipi kati ya hizi mbili iliyo na ukweli zaidi? Je, sifa za asubuhi humjenga mtu au humharibu?

Mchezo wa besiboli nchini Marekani umelifanya swali hili kuwa desturi ya kila mwaka. Tangu mwaka wa 1947 waandishi wa habari za mchezo huo wamekuwa wakipiga kura kumteua Mchezaji Chipukizi wa Mwaka. Wa kwanza kuipokea tuzo hiyo alikuwa Jackie Robinson, mtu mweusi aliyeuvunja ukuta wa ubaguzi katika ligi kuu mwaka huo huo. Tangu 1949 kila mojawapo ya ligi mbili kuu imekuwa na chipukizi wake, na mwaka wa 1987 tuzo yenyewe ikapewa jina la Robinson. Jambo linaloipambanua na tuzo nyingine ni kwamba haigombewi mara mbili. Mchezaji akishapita msimu wake wa kwanza, mlango huo umefungwa. Ni mfano wa jando: mtu hutiwa mara moja, na baada ya hapo anatazamiwa awe mtu mzima.

Si wote waliotiwa jandoni humo waliotimiza matarajio. Ángel Berroa, kijana kutoka Jamhuri ya Dominika aliyeichezea Kansas City Royals, aliishinda tuzo hiyo mwaka wa 2003. Hakuwahi kuufikia tena mwaka wake wa kwanza, na kufikia 2009 alikuwa amecheza mechi yake ya mwisho katika ligi kuu. Bobby Crosby wa Oakland Athletics, aliyemfuata mwaka wa 2004, aliandamwa na majeraha hadi jina lake likafifia. Wote wawili walicheza katika nafasi moja ya uwanja, nayo ndiyo nafasi aliyoicheza mtu anayezungumziwa katika insha hii, Luis Aparicio wa Venezuela. Yeye aliipata tuzo hiyo mwaka wa 1956, akacheza miaka kumi na minane, na hadithi yake inazipima methali zetu mbili kwa mizani iliyo sawa.

Kabla ya kuendelea, ni vyema kumweleza msomaji asiyeujua mchezo huu hiyo nafasi yenyewe ni ipi. Uwanja wa besiboli umechorwa kama almasi yenye vituo vinne. Mpigaji husimama kwenye kituo cha nyumbani akiwa na gongo, akirushiwa mpira na mrushaji wa timu pinzani. Akiupiga, hukimbia kuelekea kituo cha kwanza, kisha cha pili, cha tatu, na hatimaye hurejea nyumbani ili kuipatia timu yake alama. Kutoka kituo hadi kituo ni mwendo wa mita 27 hivi. Kati ya kituo cha pili na cha tatu hakuna kituo, lakini ndipo mipira mingi inapopita, kwa kuwa wapigaji wengi hutumia mkono wa kulia na mipira yao huelekea upande huo. Anayesimama pale huitwa shotistopu. Hana kituo cha kulinda, analinda pengo. Sharti aukimbilie mpira unaobiringika kwa kasi, auzoe, ageuke, na kuurusha hadi upande wa pili wa uwanja kabla mkimbiaji hajakanyaga kituo cha kwanza. Shughuli yote hiyo huchukua sekunde nne hivi.

Jina lenyewe la nafasi hii lina mafunzo kwa wanafunzi wa lugha. Wamarekani walilibuni, nao wasemaji wa Kihispania walipoupokea mchezo huo hawakusubiri idhini ya yeyote. Baadhi walilitafsiri na kusema “campocorto”. Wengine, hususan katika visiwa vya Karibi, walilitwaa neno la kigeni wakalisaga kwa meno yao hadi likawa “siol”. Ni hali ile ile tunayoifahamu katika Kiswahili, ambapo neno moja lina tafsiri iliyobuniwa mezani na umbo jingine lililotoholewa na wasemaji mtaani, yote mawili yakaishi pamoja. Mchezo uliotoka nje ulikuwa umekwisha kuwa wa wenyewe. Ndiyo maana isistaajabishe kwamba mmoja wa mabingwa wa nafasi hiyo hakuzaliwa Marekani.

Luis Aparicio alizaliwa tarehe 29 Aprili 1934 katika mji wa Maracaibo, magharibi mwa Venezuela, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Mwaka wa 1922 mafuta ya petroli yalikuwa yamefumka kwa kishindo pale Cabimas, ng’ambo ya ziwa, na eneo zima likabadilika. Baba yake, aliyeitwa vivyo hivyo Luis Aparicio, alikuwa shotistopu mashuhuri kiasi kwamba watu walimpa lakabu ya “El Grande”, yaani Mkuu. Baba mdogo wa kijana, Ernesto, alikuwa naye ni mchezaji na mwalimu wa mchezo. Nyumba hiyo basi ilikuwa karakana. Kama vile mtoto wa mhunzi anavyokua akiusikia mlio wa nyundo kabla ya kujua jina la chombo chochote, ndivyo Luis mdogo alivyokua akiona jinsi mguu unavyotangulia mkono na jinsi mpira unavyopokewa, si kunyakuliwa.

Tarehe 18 Novemba 1953 watu wa Maracaibo walikuwa uwanjani. Siku hiyo huadhimishwa mjini humo kama sikukuu ya Bikira wa Chiquinquirá. Timu ya Gavilanes ilikuwa ikicheza, na shotistopu wake alikuwa El Grande. Mchezo ulipoanza, baba akampisha mwanawe na kumkabidhi nafasi yake mbele ya umati. Hakungoja hadi adhoofike na kuondolewa. Alitoka mwenyewe na kumwachia kijana wa miaka 19. Tendo hilo limekuwa likisimuliwa Venezuela tangu hapo. Anayelitafakari ataona kuwa lilikuwa zawadi na mzigo kwa wakati mmoja. Kuanzia siku hiyo kila mpira ambao kijana angeuponyoka, watu wangesema kuwa baba yake angeudaka.

Mwaka uliofuata Aparicio alisajiliwa na Chicago White Sox. Alipelekwa katika timu ndogo za klabu hiyo, kwanza Waterloo mwaka wa 1954 na kisha Memphis mwaka wa 1955. Huko Chicago kiti alichokilenga kilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa Mvenezuela mwenzake. Chico Carrasquel alikuwa shotistopu wa White Sox tangu 1950, na mwaka wa 1951 alikuwa Mlatino wa kwanza kuanza katika mechi ya nyota wote wa ligi. Mjomba wake, Alex Carrasquel, ndiye Mvenezuela wa kwanza kucheza ligi kuu, mwaka wa 1939. Kwa hivyo Aparicio hakuingia mahali patupu. Mnamo Oktoba 1955 White Sox walimtoa Carrasquel pamoja na mchezaji mwingine kwa timu ya Cleveland, wakampata Larry Doby, mtu mweusi wa kwanza kucheza katika Ligi ya American. Mabadilishano hayo yalikuwa kauli ya wazi: klabu ilikuwa imemwamini kijana ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja ya ligi kuu. Kwa mara ya pili katika muda wa miaka miwili alipewa nafasi ya mtu ambaye taifa lake lilimwenzi.

Msimu wa 1956 ulianza mwezi wa Aprili. Kijana alikuwa na kimo cha futi tano na inchi tisa, mwembamba, na Kiingereza chake kilikuwa kichache. Meneja wake, Marty Marion, alikuwa amewahi kuwa shotistopu hodari wa St. Louis, hivyo alijua alichokuwa akikitazama. Aparicio alicheza mechi 152. Alipata mapigo safi 142, wastani wa 0.266, maana yake ni kuwa katika kila mara mia moja alizosimama kupiga, alifaulu mara 26 au 27. Kwa kipimo cha wapigaji wakubwa hilo si jambo la kupigia vigelegele. Mwaka huo huo Mickey Mantle wa New York Yankees aliipeleka mipira 52 nje ya uwanja, na chipukizi wa ligi ya pili, Frank Robinson wa Cincinnati, aliipeleka 38. Aparicio aliipeleka mitatu tu.

Iweje basi wapiga kura 22 kati ya 24 wamteue yeye? Jibu liko katika pengo alilolilinda. Hakuna shotistopu wa ligi yake aliyewatoa wapigaji wengi zaidi kwa kudaka na kurusha mwaka huo. Hapa pana jambo ambalo msomaji wa takwimu anaweza kulipita bila kulitambua: kijana huyo huyo alikuwa pia miongoni mwa waliofanya makosa mengi, zaidi ya 30 kwa msimu. Katika besiboli kosa huandikwa mchezaji anapougusa mpira ambao angepaswa kuumudu, kisha ukamponyoka au akaurusha kombo. Asiyeufikia mpira haandikiwi lolote. Kwa sababu hiyo, mlinzi mvivu anaweza kuwa na karatasi safi, na mwenye bidii akawa na karatasi iliyojaa madoa. Miguu ya Aparicio ilimfikisha kwenye mipira ambayo wengine waliitazama ikipita. Baadhi aliidaka, baadhi ikamshinda. Waandishi wale 22 waliona tofauti kati ya kosa la mzembe na kosa la mwenye kujaribu. Hilo ni jambo la kuwapongeza, kwa kuwa wasahihishaji wengi, katika michezo na kwingineko, huhesabu madoa tu.

Hivyo ndivyo Aparicio alivyokuwa Mlatino wa kwanza kutwaa tuzo ya chipukizi. Lakini mwaka huo alikuwa ameanza jambo jingine pia, nalo ni kuiba vituo. Mkimbiaji aliyesimama kwenye kituo anaruhusiwa kuchomoka kuelekea kituo kinachofuata wakati mrushaji anapoutoa mpira, bila ya kungoja mwenzake apige. Akifika kabla mpira haujafika, amekiiba. Akikamatwa, ameipotezea timu yake mkimbiaji. Katika miaka ya hamsini timu nyingi zilikuwa zimeiacha sanaa hii. Zilipendelea kungoja pigo moja kubwa. Aparicio aliiba vituo 21 mwaka wa 1956, na idadi hiyo, ingawa ndogo kwa vipimo vya nyakati nyingine, ilitosha kuongoza ligi. Aliongoza tena mwaka uliofuata, na uliofuata, hadi 1964: misimu tisa mfululizo. Hadi anastaafu alikuwa ameiba mara 506 na kukamatwa mara 136. Hakuwa mwizi wa pupa.

Mwaka wa 1959 wizi huo ulizaa matunda. White Sox walikuwa hawajatwaa ubingwa wa ligi yao tangu 1919, mwaka wa fedheha ambapo wachezaji wao wanane walihusishwa na njama ya kuuza fainali, wakapigwa marufuku ya maisha. Miaka arubaini ilikuwa imepita. Timu ya 1959, chini ya meneja Al López, ilikuwa ya mwisho katika ligi zote mbili kwa mapigo ya nje ya uwanja: 97 tu. Iliishi kwa kukimbia, kudaka na kunyima. Aparicio aliiba vituo 56. Kandokando yake, kwenye kituo cha pili, alikuwepo Nellie Fox, na wawili hao walielewana kama mpiga zumari na mpiga ngoma.

Usiku wa tarehe 22 Septemba timu hiyo ilikuwa Cleveland ikihitaji ushindi mmoja. Ilikuwa awamu ya tisa, ya mwisho. Wenyeji walikuwa na wakimbiaji katika vituo vyote vitatu, na mpigaji wao alikuwa Vic Power. Mrushio wa kwanza, Power akaupiga mpira chini, upande wa shotistopu. Aparicio akauzoa, akakanyaga kituo cha pili, akaurusha kituo cha kwanza. Wawili nje, mchezo ukaisha, miaka arubaini ikaisha. Kule Chicago mkuu wa zimamoto aliamuru ving’ora vya tahadhari ya mashambulizi ya angani vipigwe kwa kusherehekea. Ilikuwa enzi ya vita baridi, na wakazi wengi wasiofuatilia mchezo walidhani makombora ya Warusi yanakuja. Katika kura ya mchezaji bora wa ligi Fox aliibuka wa kwanza na Aparicio wa pili. Fainali zenyewe waliangushwa na Los Angeles Dodgers, mechi nne kwa mbili.

Msomaji angetarajia kwamba mtu wa namna hiyo angekaa Chicago hadi uzeeni. Haikuwa hivyo. Mnamo Januari 1963 klabu ilimpeleka kwa Baltimore Orioles. Miongoni mwa wachezaji waliotolewa na Baltimore alikuwemo Ron Hansen, naye shotistopu, naye mshindi wa tuzo ya chipukizi, ya mwaka wa 1960. Chipukizi wa jana walibadilishwa kama bidhaa sokoni. Zama hizo mchezaji hakuwa na hiari ya kuchagua klabu. Alikuwa mali ya mwajiri wake kimkataba, akauzwa au kubadilishwa bila kuulizwa. Tuzo iliyoko kabatini haikumkinga yeyote.

Baltimore, hata hivyo, ilimpa kile ambacho Chicago haikuweza kumpa. Mwaka wa 1966 Frank Robinson aliwasili kutoka Cincinnati. Wachezaji wawili waliotawazwa chipukizi wa ligi zao mwaka mmoja, wa 1956, sasa walivaa jezi moja, miaka kumi baadaye: mmoja akipiga kwa nguvu na kuongoza ligi katika kila kipimo kikuu cha upigaji, mwingine akiliziba pengo lake karibu na Brooks Robinson wa kituo cha tatu. Walikutana fainalini na Dodgers, timu ile ile iliyomnyima Aparicio kombe mwaka wa 1959. Safari hii Orioles walishinda mechi zote nne, na katika mechi tatu za mwisho Dodgers hawakupata hata alama moja.

Miaka yake ya mwisho inastahili kusimuliwa polepole, kwa kuwa ndiyo inayosahauliwa na wanaopenda hadithi za nyota. Alirejea Chicago mwaka wa 1968. Msimu wa 1970, akiwa na umri wa miaka 36, alipata wastani wa 0.313, wa juu kuliko wote maishani mwake. Na mwaka huo huo timu yake ilishindwa mara 106. Alipiga vizuri kuliko wakati wowote katika timu iliyokuwa mbovu kuliko wakati wowote. Baada ya hapo alipelekwa Boston Red Sox. Huko, mwaka wa 1971, gongo lake likanyamaza kabisa: alijaribu mara 44 mfululizo bila pigo safi hata moja. Hali hiyo ikajulikana nchi nzima, hadi Rais Richard Nixon akamwandikia barua ya kumtia moyo. Mtu anaweza kujiuliza ni lipi chungu zaidi, kushindwa mara 44 au kuliwazwa na Rais wa nchi kwa kushindwa huko. Cha kuzingatia ni kuwa aliendelea kujitokeza. Mara ya 45 ilifika kwa sababu hakukimbia ya 44.

Kisha ikaja tarehe 2 Oktoba 1972. Mwaka huo msimu ulikuwa umechelewa kuanza kutokana na mgomo wa wachezaji, na mechi zilizofutwa hazikurudiwa, hivyo timu hazikucheza idadi sawa ya mechi. Red Sox walikwenda Detroit kwa mechi tatu za mwisho wakiwa mbele kidogo ya wenyeji wao. Katika awamu ya tatu Carl Yastrzemski aliupiga mpira ukapita juu ya kichwa cha mlinzi wa katikati. Mkimbiaji wa kwanza akafika nyumbani. Wa pili alikuwa Aparicio, bingwa wa kukimbia vituo kwa misimu tisa. Alipokuwa akikizunguka kituo cha tatu, akateleza. Akainuka, akayumba tena, akarudi kituoni. Akamkuta Yastrzemski naye amekwisha kufika. Kituo kimoja hakiwabebi wawili, na Yastrzemski akatolewa. Boston walishindwa mechi hiyo na iliyofuata, na mwishowe wakaukosa ubingwa wa kundi lao kwa nusu mechi.

Waswahili husema kuteleza si kuanguka. Aparicio aliteleza na akaanguka, mbele ya halaiki, katika kazi aliyoijua kuliko mtu yeyote wa kizazi chake. Miguu iliyomleta kutoka Maracaibo ndiyo iliyomsaliti. Hapana methali inayoweza kulipaka tukio hilo rangi nzuri, na pengine haifai kujaribu. Alikuwa na miaka 38. Alicheza msimu mmoja zaidi, wa 1973, kisha akamaliza.

Hesabu yake ya mwisho ilikuwa hivi: mapigo safi 2,677, vituo 506 vya kuiba, tuzo tisa za Glavu ya Dhahabu ambazo hupewa walinzi bora, na zaidi ya mechi 2,500 alizocheza akiwa shotistopu, nyingi kuliko za mtu yeyote aliyemtangulia. Katika miaka 18 hakuwahi kupangwa katika nafasi nyingine yoyote ya ulinzi. Pamoja na hayo, jina lake lilipofikishwa mbele ya wapiga kura wa Jumba la Heshima la Cooperstown mwaka wa 1979, hakufikisha hata thuluthi ya kura, ilhali robo tatu zilihitajika. Wastani wake wa maisha, 0.262, ulionekana mdogo mno. Waandishi wa 1956 walikuwa wamelitazama pengo. Waandishi wa 1979 walikuwa wakisoma majedwali. Ilichukua miaka mitano na kura nyingi. Mwaka wa 1984 hatimaye aliingia, Mvenezuela wa kwanza kufanya hivyo. Alioingia nao mwaka huo ni pamoja na Don Drysdale, mrushaji wa Dodgers aliyepambana naye katika fainali za 1959 na 1966, na Pee Wee Reese, shotistopu mwenzake. White Sox nao waliiondoa jezi nambari 11 isivaliwe tena.

Kama insha hii ingekomea hapo, ingekuwa sifa tu. Lakini kuna mizani nyingine ya kumpima chipukizi, nayo ni wale wanaochipuka baada yake. Ernesto, baba mdogo aliyetajwa hapo awali, aliendelea kuwafunza vijana. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Ozzie Guillén, ambaye mwaka wa 1985 alicheza shotistopu wa White Sox na kushinda tuzo ya chipukizi, sawa na Aparicio miaka 29 kabla yake. Guillén alikuja kuwa meneja wa klabu hiyo hiyo, na mwaka wa 2005 akaipa kombe la kwanza tangu 1917. Mechi ya kwanza ya fainali hizo ilipofunguliwa, aliyerusha mpira wa heshima alikuwa Aparicio, na aliyeupokea alikuwa Guillén.

Vivyo hivyo Omar Vizquel, shotistopu kutoka Caracas, ndiye aliyeivunja rekodi ya Aparicio ya mechi nyingi katika nafasi hiyo, mwaka wa 2008. Vizquel alipojiunga na White Sox mwaka wa 2010, jezi nambari 11 ilitolewa ilikofungiwa ili aivae, kwa ridhaa ya mwenyewe. Mzee alimpa nambari yake mtu aliyekwisha kuipita rekodi yake. Hapa mtu hawezi kuacha kumkumbuka El Grande siku ile ya Novemba 1953. Aparicio alikuwa amejifunza kwa baba yake jinsi ya kudaka. Alikuwa amejifunza pia jinsi ya kupisha. Tangu 2004 Venezuela hutoa tuzo yenye jina la Luis Aparicio kwa mchezaji wake bora katika ligi kuu, kwa kumbukumbu ya baba na mwana, na uwanja wa Maracaibo una jina la baba.

Tukio la mwisho ni la mwaka wa 2017. Ligi kuu ilikuwa imeandaa sherehe ya kuwaenzi magwiji wa Kilatino katika mechi ya nyota wote huko Miami, na Aparicio, mwenye miaka 83 wakati huo, alikuwa miongoni mwa walioalikwa. Venezuela ilikuwa katika miezi ya maandamano, na vijana walikuwa wakiuawa barabarani. Aliwashukuru waandalizi kwa heshima hiyo, kisha akaeleza hadharani kuwa hawezi kusherehekea ilhali vijana wa nchi yake wanakufa wakipigania uhuru. Hakwenda. Mtu aliyeanza kujulikana kwa kupewa tuzo ya ujana aliikataa heshima ya uzee kwa ajili ya vijana wengine.

Je, nyota njema huonekana asubuhi? Katika kisa hiki ilionekana, na walioiona walikuwa 22 kati ya 24. Ila walichokiona asubuhi ile hakikuwa mwisho wa jambo. Hawakuona mabadilishano ya 1963, wala majaribio 44 yaliyopotea, wala kituo cha tatu pale Detroit, wala kura zilizomrudisha nyuma mwaka baada ya mwaka. Yale yote yalimngoja njiani, kama yanavyomngoja kila anayesifiwa mapema, awe mchezaji, mwandishi au msomi. Walimsifu, naye hakulitia tembo maji. Kwenye karatasi ya msimu wake wa kwanza yale makosa yangali yameandikwa hadi leo, kando ya tuzo, na hakuna aliyewahi kuomba yafutwe.